Marekani

Kabla haijawa nchi, Marekani ilikuwa kitambaa.
Ilikaa sandukuni mwa bibi yangu Nyamizi, Tabora,
chini ya hati ya kiwanja na kopo la vifungo,
rangi yake kama uji wa mtama mweupe.
"Niletee Marekani yangu niianike," alisema,
nami, mtoto wa darasa la pili, nikabeba bara zima kichwani
mpaka kwenye kamba ya nguo.

Leo nimeshuka Lowell, Massachusetts,
kwa treni ya saa mbili na robo kutoka Boston,
macho mazito: usiku kucha nimekunja mashuka ya hospitali,
mia nne na kitu, kona kwa kona.
Mfereji una barafu kingoni. Viwanda vya matofali mekundu
vina madirisha mengi kuliko watu niliopishana nao njiani.

Mwongozaji wetu ni mama wa miaka sabini na ushei,
Claudette Thibault, miwani inaning'inia kifuani.
Anatugawia vizibo vya masikio, anavuta wenzo,
na mitambo kumi inaamka kwa pamoja.
Sakafu inatetemeka. Mtande umekazwa,
mshindio unapita, unarudi, unapita;
kelele nimeisikia kwenye meno kabla ya masikioni.

Anaizima. Anatuonyesha kidude cha mbao chenye ncha mbili,
hicho kibebacho uzi (jina lake kwa lugha yangu
nimelitafuta kichwani, sikulipata),
kina kitundu ubavuni.
"Bibi yangu alikuja hapa kutoka Quebec, ana miaka kumi na mitatu.
Uzi aliuvuta kwa mdomo, hapa, akiufyonza,
kutwa nzima, na vumbi la pamba likishuka kifuani.
Walikiita busu la mauti."
Amelisema akicheka, kama mtu aliyelisema mara nyingi,
halafu kicheko kikamkatikia.

Nami nikaiona midomo ya Nyamizi
ikilowesha ncha ya uzi, jicho moja kalifumba,
sindano kaielekeza mlangoni, kwenye mwanga.

Ukutani kuna ramani. Pamba ilitoka kusini,
mikononi mwa watu waliouzwa.
Majora yakapakiwa Salem, yakazunguka rasi, yakashuka Unguja,
yakapanda bara juu ya vichwa vya wapagazi.
Mihambo, baba wa babu yangu, alikuwa mmoja wao:
alikwenda pwani na pembe, akarudi na nguo,
na kila mtemi njiani akikatiwa mikono minane ya hongo,
enzi hizo hongo ikiwa bado neno la barabarani,
halijahamia maofisini.
Ujira wake ulikuwa nguo.
Na katika misafara mingine nguo hiyohiyo ilinunua watu.
Hili bibi hakunisimulia. Alisema tu, "Imetoka mbali,"
akaikunja.

"Na wewe umetoka wapi?" Claudette akaniuliza.
Nimetoka ilikokwenda, nikamjibu.
Sidhani alinielewa. Alinishika kiwiko, hata hivyo.

Dukani kwao wanauza vitambaa vya kufutia vyombo,
vimefumwa mlemle. Dola kumi na mbili.
Nikapima, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati:
mkono mmoja na nusu, haumfuniki hata mtoto.
Muuzaji akatazama pembeni kwa adabu.

Bibi aliitunza Marekani yake iwe sanda.
Panya waliiwahi.
Wakamzika kwa bafta ya duka la Mhindi;
niliyaona hayo kwenye simu, nikiwa nimesimama
baina ya mashine mbili za kukaushia.

Ndani ya treni nimekikunja kitambaa kihospitali, kona kwa kona.
Nikakikunjua.
Nikakunja kama yeye, mara tatu kwa urefu, kisha nikakiviringisha,
ncha nikaisukumia ndani.
Kinanuka mafuta ya mashine.
Zamu yangu inaanza saa nne usiku.
Nimekitia ndani ya shati.